Mkono wa Kushoto wa Koti

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: mimi bado nina hasira na wale wabunge saba. Watu wananiambia, "Kinyozi, mambo yamekwisha, viongozi wenyewe wamepatana, wewe nani ubaki na kinyongo?" Mimi ni yule aliyebandika picha zao ukutani huku mvua inanyesha, ndiye mimi. Nilipanda ngazi na ndoo ya gundi, nikaanguka, nikateguka nyonga, na hadi leo nikifika mteja wa tatu mguu unaanza kunidai. Kwa hiyo kununa ni haki yangu. Lakini ninayotaka kuyasimulia si ya hao saba. Ni ya Fundi, jirani yangu, na nayasimulia kwa sababu mimi nina mkono wangu humo ndani, na jambo hilo halinipi raha.

Tunapanga chumba kimoja, mimi na Fundi, huu mwaka wa kumi na nne. Mbele kuna kiti changu na kioo, nyuma kuna cherehani yake, katikati pazia la maua alilolishona mwenyewe siku ya kwanza, akaniambia, "Nywele zako zibaki upande wako." Nywele zilibaki wapi! Kila jioni alikuwa akizikung'uta kwenye vitambaa vyake huku akinisema chinichini, nami najifanya kiziwi. Ni mrefu, mwembamba, futi ya kupimia iko shingoni saa zote, hata msibani nimeshamwona nayo. Huongea na pini mdomoni, na ukishamzoea unaelewa kila neno.

Wazazi wake walipofariki Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake wa kiume ana sita. Hakuolewa. Wachumba walikuja, mmoja alifika mpaka na wazee wake, lakini wote walikuwa na swali lilelile: huyu mtoto atakaa na nani? "Nikawaambia mtoto anakaa na mimi, na nyinyi mnakaa kwenu," alinisimulia siku moja akicheka. Halafu akarudi kukanyaga cherehani.

Mtoto alipofika miaka minane alianguka kutoka juu ya ukuta, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaungwa vibaya. Ukapona, ila ukabaki mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Watoto wa shule, mnawajua, wakamwita Kono. Dada mtu akalichukua shati la shule, akafumua mkono wa kushoto, akapunguza vidole viwili, akaurudishia. Watoto walipoona mikono iko sawa, jina likawachosha, likafa. Tangu siku hiyo hakuna nguo ya mikono mirefu aliyoivaa yule bwana ambayo haikupita kwenye mkasi wa dada yake. Ukikutana naye ukubwani huwezi kujua. Mimi nimemnyoa miaka kumi, na nilijua kwa kuambiwa tu.

Sasa mje kwenye chama. Tawi letu lilipoanza hatukuwa na hata muhuri. Tulimchagua Fundi kuwa katibu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakuwa na woga na mtu. Mwaka uleule tukamnasa mwanachama mmoja akipeleka majina yetu upande wa pili. Tukamfukuza, sawa, lakini kadi yake tuifanyeje, na muhuri hatuna? Fundi akatia mkono kwenye mkoba, akatoa mkasi wake wa kazini, akaikata pembe ile kadi. "Hii imekufa," akasema. Ukumbi mzima tukapiga makofi. Basi ikawa ndiyo desturi. Matawi mengine yanaandika barua, sisi tunakata pembe, na tulikuwa tunajivuna nayo.

Na kura zetu hatupigi kwa karatasi. Mwenyekiti wa tawi ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu, na yeye anasema mtu mwenye msimamo na asimame nao tumwone. Tunapanga mistari miwili, watu wanahesabiwa vichwa. Katibu haingii kwenye mstari. Yeye anakaa mezani, anahesabu, anaandika. Hilo naomba mlishike.

Mdogo wake alisoma, akawa wakili, akapata ubunge kwa tiketi yetu na kwa jasho letu, na nyonga yangu ikiwemo. Kila mwaka kabla ya Bunge kufunguliwa alikuja kupimwa suti mpya. Wakishaingia nyuma ya pazia nilikuwa nawasikia.

"Simama wima, Mheshimiwa, hapa hakuna kamera."

"Dada, umenichoma!"

"Nyamaza. Nchi haijawahi kuanguka kwa sindano."

Walikuwa wakicheka kama watoto, na mteja kwenye kiti changu anacheka nao bila kujua kinachochekwa.

Halafu yakaja yale mambo. Kiongozi wetu wa chama aliamuru wabunge wetu wote watoke bungeni mpaka tume ya uchaguzi ivunjwe iundwe upya. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Wakatoka wote, wakakaa nje mwezi mzima. Mwezi wa pili, saba wakarudi ndani. Redioni wakaitwa wabunge wa msimamo wa kati. Sisi tulikuwa na jina letu, silitaji hapa maana mke wangu atasoma. Na hawakuishia kurudi. Wakaandika barua kwamba Kiongozi hashauriani na mtu, kwa hiyo apigiwe kura na wanachama, akishindwa apumzike.

Ilisomwa redioni saa saba mchana. Nilikuwa nimemnyoa mtu nusu kichwa. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake Fundi. Mashine ilinigandia mkononi, na kule nyuma cherehani ikanyamaza.

Mtu asiye wa chama hawezi kujua jinsi lilivyouma. Si kwamba Kiongozi ni malaika, hapana, ana ubabe wake na sote tunaujua. Lakini tulikuwa tumetukanwa miaka mingi, wengine wamefukuzwa kazi, tukaambiwa sisi ni genge, hatuwezi kukaa pamoja hata mwaka. Leo watu wetu wenyewe wanathibitisha hewani! Wapinzani wetu waliichapa ile barua wakaibandika kwenye nguzo za umeme mtaa mzima. Hawakuongeza hata neno moja, na hawakuwa na haja.

Watu wakaanza kuja kwangu bila kutaka kunyolewa. Walikuja kukasirika, na wahakikishe Fundi anasikia. Akatoka nyuma ya pazia, pini mdomoni. "Msinitupie mimi," akasema. "Mimi ni katibu wenu. Na hasira yangu ni kubwa kuliko zenu zote mkizijumlisha."

Na ilikuwa kweli. Nilimsikia akimpigia mdogo wake simu. "Nani alikutuma?... Usinieleze muswada. Hospitali gani?... Nimesema usinieleze. Mlango wa Bunge si ungekusubiri? Miaka yote hiyo tumesubiri, wewe miezi miwili imekushinda?" Mdogo wake alikuwa akimwambia kwamba muswada wa hospitali za wilaya ulikuwa unapita viti vyetu vikiwa vitupu, na kwamba hakuweza kukaa nje akiutazama. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilisikia upande wa dada tu, na ulinifurahisha, nasema ukweli.

Mkutano wa tawi ukaitwa Jumapili, saa nne asubuhi. Kwa katiba ya chama, anayekuvua kadi ni tawi lililokupa, na ukivuliwa kadi, ubunge nao unafuata. Asubuhi ile tulikwenda pamoja kufungua ukumbi. Fundi alikuwa amevaa gauni lake la kijani la mikutano, mkasi mkobani.

"Leo utasimama wapi?" nikamchokoza.

"Mezani. Katibu anakaa mezani."

"Na wakisema akatwe pembe?"

"Nitakata. Ni kazi, na yeye anajua ni kazi. Tukimaliza nitamwambia aje apimwe, koti lake nimeshalikata, bado mikono." Akapunguza mwendo. "Amekonda, Kinyozi. Umemwona kwenye televisheni? Yule halali."

Ndiyo nikajua anachokitaka. Alitaka tawi lifanye kazi yake, mdogo wake aadhibiwe kama mwanachama, halafu jioni aje nyumbani kama mdogo wake, ale, apimwe, agombezwe. Alidhani mambo hayo mawili yanaweza kukaa kila moja upande wake, kama chumba chetu na pazia lake.

Mheshimiwa alikuja, na kwa hilo nampa heshima yake, maana wale wenzake sita hakuna aliyethubutu kwenda tawini kwake. Alivaa koti la mwaka uliopita. Akasema, "Sijahama. Nimeuliza swali nikiwa ndani ya nyumba yangu."

Mama mmoja anayeuza mkaa, mjane, ambaye mwanawe alikaa rumande kwa ajili ya chama, akasimama. "Mwanangu, ungeuliza ndani tungekujibu. Wewe umeuliza redioni."

Ukumbi ulilipuka. Hakupata nafasi tena. Akijaribu kutaja hospitali tunamzomea, akitaja katiba tunamzomea. Mwalimu akagonga meza, akaamuru mistari: wanaomtetea wasimame upande wa dirishani, wanaotaka avuliwe kadi wasimame upande wa mlangoni. Yeye Mheshimiwa aliketi katikati, kwenye benchi, peke yake.

Dirishani walisimama kumi na mmoja. Mlangoni tulisimama sitini na nane, mimi nikiwa wa mwisho kwa sababu ya mguu. Fundi akahesabu kwa kalamu, akaandika. Yamekwisha. Hakuna kilichokuwa kimebaki ila kukata.

Na hapo mdomo wangu huu, ambao mke wangu anasema ungefaa kushonwa, ukafunguka. "Na katibu mbona amekaa?"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Ehee! Naye atuonyeshe!" Mwingine akasema, "Au ya nduguye hayamhusu?" Mwalimu akagonga meza, akasema kwa ukali kwamba katibu hahesabiwi, ndiyo utaratibu. Lakini Fundi alikuwa ameshaweka kalamu chini. Akasimama.

Mdogo wake alimwona akija. Miguu yake ilikuwa imeziba njia ya kwenda dirishani, akaivuta chini ya benchi upesi, ampishe dada yake apite. Nilikiona kitu hicho kwa macho yangu. Fundi alifika pale benchini, akasita kidogo, akageuka, akaja mlangoni, akasimama nyuma yangu. Ncha ya ile futi ilinigusa bega.

"Sitini na tisa," akasema mwenyewe, kwa sauti ya katibu.

Hakukuwa na sababu yoyote. Kura zilikuwa zimetosha na kuzidi. Mwalimu aliinamisha kichwa, na hakuna aliyepiga makofi, hata waliomwita.

Mheshimiwa akatoa kadi, akaiweka mezani. Fundi akaikata pembe. Akamrudishia, maana desturi yetu ni kwamba kadi iliyokufa unakwenda nayo.

"Asante, Katibu," akasema yule bwana, akatoka.

Watu walisikia shukrani. Mimi nilisikia kwamba hakusema Dada.

Lile koti lilibaki limetundikwa kwenye msumari nyuma ya cherehani, kiwiliwili bila mikono. Wiki ya kwanza Fundi alisema mdogo wake atakuja. Wiki ya tatu akasema mwache apoe. Mwezi wa pili akaacha kumtaja. Hata nywele zangu aliacha kuzilalamikia. Kuna siku nilizipeperusha makusudi mpaka upande wake, anitukane tu, nisikie sauti yake. Alizifagia kimya kimya, na nywele hizo zilikuwa zangu mimi za kufagia.

Mwezi wa tano, karatasi zetu za kumvua kadi na ubunge zikiwa bado zinazungushwa makao makuu, tukafungua gazeti asubuhi tukaona nini? Kiongozi na wale saba wamepeana mikono. Picha ukurasa mzima. Kiongozi amemshika bega mdogo wake Fundi, wote wawili meno nje, na chini imeandikwa kwamba chama ni kimoja na yaliyopita yamepita. Mama wa mkaa alikuja nalo dukani, akaliweka kwenye kiti changu, akakaa chini sakafuni. "Sisi walituambia hakuna msamaha," akasema. "Mimi nilimzomea mtoto wa watu mpaka koo likauma." Mimi nilitukana, sana, wala sijutii. Kwenye kugombana tulipangwa mistari. Kwenye kupatana hakuna aliyetuita hata kushika kiti.

Fundi aliitazama ile picha muda mrefu. "Amevaa shati la mikono mifupi," akasema.

Barua ikaja kutoka makao makuu: wale saba warudishiwe kadi. Fundi akaandika kadi mpya siku hiyohiyo, kwa mwandiko wake wa nguvu, akaharibu mbili kabla hajaridhika. Akapiga simu. Akapokea msaidizi: Mheshimiwa yuko kikaoni. Akapiga tena kesho yake, yuko safarini. Kisha Mwalimu akaja na habari, na kwa jinsi alivyoivua kofia yake mlangoni nilijua si njema. Mheshimiwa ameshachukua kadi kwenye tawi jingine, kule karibu na Bunge.

Fundi hakulia. Alimwandikia ujumbe kwenye simu kwamba Bunge linakaribia kufunguliwa, koti liko tayari bado mikono, aje apimwe japo dakika kumi. Jibu lilikuja mchana. Akafungua pazia, akanipa simu.

"Nisomee. Miwani yangu imepotea."

Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake. Nikasoma. "Usisumbuke, Katibu."

"Ameandika Katibu?"

"Ndiyo."

"Hujakosea?"

"Sijakosea, Fundi."

Nikaona hapo ndipo pa kusema, maana miezi yote ile nilikuwa nimekaa nalo kooni. Nikamwambia, "Ni mimi. Ningefunga mdomo wangu usingesimama. Nisamehe, dada yangu." Na machozi yalinitoka, mwanamume mzima, wembe mkononi.

Akachukua simu yake. "Mdomo ulikuwa wako," akasema. "Miguu ilikuwa yangu." Akarudi nyuma ya pazia.

Bunge lilifunguliwa Jumanne, saa nane mchana. Nina televisheni ndogo juu ya kioo, wateja wanaipenda kwa sababu ya mpira. Siku ile nilitaka kuizima, Fundi akasema kutoka nyuma, "Iache." Wabunge wetu waliingia pamoja, wote, Kiongozi mbele. Mdogo wake Fundi alikuwa safu ya pili, ndani ya suti ya dukani, ya buluu iliyokolea, kitambaa cha bei, kila mtu angekwambia imemkaa vizuri. Kamera ilimkalia.

Mkono wa kulia wa koti uliishia kifundoni, panapostahili. Wa kushoto ulikuwa umemfunika mpaka kwenye vidole. Akauvuta juu. Ukateremka. Akauvuta tena akijifanya anatazama saa, ukateremka tena, na mbunge mmoja wa upande wa pili akamnong'oneza mwenzake, wakatabasamu. Mwishowe akauficha mkono mfukoni, akakaa hivyo, bega moja juu, wenzake wanapiga makofi naye hawezi kupiga.

Sikumsikia Fundi akitoka. Alikuwa ameshasimama kwenye stuli yangu, uso karibu uguse kioo cha televisheni, pini mdomoni. Akainua mkono, akaweka vidole viwili juu ya ule mkono wa koti, akavibana pale kwenye kioo, kama mtu anayekunja pindo.

"Hawakumpima," akasema. "Wamemwuliza saizi tu."

"Angewaambia wapunguze," nikasema. "Neno moja tu. Duka lolote wanapunguza."

Picha ikahama, akatokea Spika. Fundi hakuondoa vidole.

"Hawezi kusema," akasema. "Hajawahi kumwambia mtu yeyote. Mimi sikumfundisha kusema, Kinyozi. Sikujua kwamba itabidi."

Pini zikamwanguka mdomoni, moja moja, zikatawanyika sakafuni katikati ya nywele. Mteja wangu akainuka ampishe kiti. Mimi nikapiga magoti, na mguu wangu mbovu, nikaanza kuziokota.